Mikono ya baba hutetemeka kila asubuhi: tumfungie ndani mpaka pombe imtoke?

"Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Malindi. Baba yangu ana miaka 59. Alikuwa winga wa ligi kuu miaka ya themanini hadi mwanzoni mwa tisini, na mpaka leo akipita uwanja wa Alaskan watu wazima huwaambia watoto wao, 'Yule ndiye yule.' Amekuwa akinywa tangu astaafu, lakini miaka hii sita, baada ya goti kumharibikia na kazi kwisha, hunywa kila siku. Pombe kali hagusi, ni mnazi tu, kama lita tatu, na mara nyingi hata hanunui: kila mangwe, yaani kilabu cha mnazi, anayoingia yuko wa kumtilia. Asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kata ya kwanza. Ramadhani iliyopita aliamua mwenyewe kuacha. Siku ya pili, baada ya kufuturu, alianguka akatukutika, povu likamtoka. Wengine wakasema kifafa, wengine jini la husuda alilotupiwa enzi za mpira. Sasa ami zangu wameandaa chumba cha nyuma, wanataka kumfungia wiki nzima mpaka pombe imtoke. Shangazi naye ameleta unga wa kumchukiza pombe, tumtilie kwenye chai asijue. Mimi linalonikosesha usingizi ni hili: mtu aliyeamka alfajiri miaka kumi na tano kukimbia ufukweni, leo anashindwaje na kata ya mnazi? Na je, tumfungie?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa halingoji: msimfungie. Waambie ami zako leo, kabla ya chakula cha usiku. Kwa ulivyonieleza, baba yako alianguka Ramadhani kwa sababu mwili uliokwisha kuizoea pombe ulinyimwa pombe ghafla. Mitukutiko ya namna hiyo huja kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kata ya mwisho, na yeye ilimjia siku ya pili. Mkimfungia mtairudisha siku ile ile, na safari hii mlango utakuwa na kufuli na hakuna wa kumuona.

Najua ami zako wanampenda. Nimewapokea wodini watu walioletwa na ndugu waliofanya hivyo hivyo kwa mapenzi, wakadhani kelele za usiku ni ukaidi wa mlevi anayelilia kinywaji chake. Mtu alikuwa anapiga mlango kwa sababu aliona panya wakishuka ukutani. Panya hawakuwapo, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kiasi cha kusimama.

Nikueleze kinachotokea, ili na wewe uweze kuwaeleza. Umewahi kuitazama mashua kusi ikiwa imekaza. Tanga likijaa, chombo hulalia upande mmoja, na mabaharia hukimbilia upande wa pili, wengine wakakaa nje kabisa juu ya ubao, ili uzito wao ukisimamishe chombo. Ukiwa pwani utaona mashua inakwenda sawasawa tu, kumbe pana watu sita wanaoning'inia juu ya maji.

Pombe ndiyo upepo huo. Ubongo una kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha. Pombe huzipa nguvu za kutuliza na kuzibana za kuamsha, ndiyo maana kata mbili za kwanza humlegeza mtu. Lakini ubongo haukubali kulalia upande mmoja siku zote. Mwezi hadi mwezi hupanga mabaharia wake upande wa kuamsha, wengi na wengi zaidi. Hapo ndipo mtu hunywa lita tatu akazungumza bila kuyumba, na wenzake mangweni wakamsifu kwamba pombe anaimudu. Hilo si la kusifiwa. Ni dalili kwamba ubao umejaa watu.

Sasa upepo ukatike ghafla. Wale wote bado wako ubaoni na hakuna tanga la kuwapinga. Chombo kinapindukia upande wao. Mtetemeko wa asubuhi ndio mwanzo wa kupinduka huko, kwa sababu tangu alale saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hajanywa. Upepo ukiendelea kukatika, huja jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kisha mitukutiko. Siku ya pili hadi ya nne huja lililo baya kuliko yote: mtu huchanganyikiwa, hajui yuko wapi, anaona visivyokuwapo, joto linapanda. Bila matibabu hali hiyo huua. Ikitibiwa hospitali mapema, walio wengi huvuka.

Ukitaka kumwonyesha ami yako kwa macho, ngoja asubuhi baba hajagusa kitu, mwombe anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka, kisha umlazie karatasi moja juu ya vidole. Sisi hufanya hivyo kliniki. Macho yanaweza kuudharau mtetemeko wa vidole, lakini karatasi inaukuza, utaisikia ikipapatika. Halafu mwambie ami ajiulize kama ukaidi unaweza kuipapatisha karatasi namna ile.

Kuna jambo jingine kuhusu zile siku mbili za Ramadhani. Kila ubongo unapopitia dhoruba hii, inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Mtu aliyekwisha kutukutika mara moja hafai kabisa kuachishwa nyumbani, hata mkiwa na muuguzi jirani. Angekuwa anakunywa kidogo, hana historia ya kuanguka, na maini na moyo viko salama, ningekwambia ipo njia ya kumwachisha akilala kitandani kwake, akiangaliwa kila siku. Kwa baba yako njia hiyo imefungwa.

Sasa lile linalokukosesha usingizi. Unauliza nidhamu yake imekwenda wapi. Mwanangu, nidhamu ni ya misuli na mazoea, na baba yako hakuipoteza: aliitumia Ramadhani alipoacha mwenyewe, bila kuambiwa, mpaka ikamwangusha chini. Mtu asiyeweza kujikaza asingefika siku ya pili. Kilichomshinda ni mwili kudai kemikali, na kujikaza hakutoi mabaharia ubaoni.

Tena mpira wenyewe humwandaa mtu kwa hatari hii. Miaka kumi na tano kuna anayemwamsha, anayempangia chakula, mazoezi na usafiri, na Jumapili kuna maelfu wanaoliimba jina lake. Kisha akiwa na miaka thelathini na kitu, mwili ukiwa bado na nguvu za kazi, yote hukatika. Mabondia na wakimbiaji hupitia hivyo hivyo, lakini mchezaji wa timu hupoteza na wenzake ishirini aliokuwa akicheka nao kila siku. Goti likiuma usiku, pombe hutuliza. Usingizi ukigoma, pombe hulaza, ijapokuwa ni usingizi mbovu unaokatika saa nane. Kila kidonda kinapata dawa ile ile moja.

Na wapenzi wake hawamsaidii. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba yako kila akisifiwa hutiwa tembo. Wanampenda kweli. Wanataka asimulie tena lile bao, na bei ya hadithi ni kata. Kwa hiyo mahali pekee Malindi anapokuwa bado winga ni mangweni. Mkimtoa pale bila kumpa mahali pengine pa kuwa mtu, atarudi, na sitamshangaa.

Umesema "mnazi tu". Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa kuwa neno hili "tu" nimelisikia pwani nzima, Kilifi hadi Lamu. Mnazi ukiteremshwa alfajiri huwa mtamu kwa kuwa sukari yake haijaliwa. Hamira iliyomo humo huanza kazi pale pale juu ya mti, na kufikia jioni umechachuka, una pombe ya kiasi cha asilimia 5. Fanya hesabu nami: lita tatu kwa asilimia 5 ni mililita 150 za pombe halisi, karibu gramu 120. Chupa kubwa ya pombe kali ya mililita 750, yenye asilimia 40, ina mililita 300. Kwa hiyo baba yako hunywa nusu chupa ya pombe kali kila siku inayoenda kwa Mungu. Ini halijui kama kilichoingia kilitoka kiwandani au kwenye mnazi wa babu.

Wako waliopita njia hii na dunia nzima ikawatazama. George Best wa Manchester United alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1968, akiwa na miaka 22. Aliiacha Manchester United mwaka 1974 akiwa na 27 tu. Pombe ilimla ini, na mwaka 2002 akapandikizwa ini la mtu mwingine jijini London. Akarudia kunywa. Alifariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59, umri alionao baba yako leo. Watu wengi walimkasirikia kwa kuharibu ini la zawadi. Mimi huona pale somo la udaktari: alibadilishiwa ini, na ubongo uliokuwa ukidai pombe ulibaki ule ule.

Tony Adams alikuwa nahodha wa Arsenal. Alifungwa jela mwishoni mwa 1990 kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na jela haikumwachisha. Hilo wape ami zako walitafakari, maana chumba chao ni jela pia. Alikuja kuacha mwaka 1996, aliposema mwenyewe mbele ya wachezaji wenzake kwamba yeye ni mlevi, akatafuta msaada. Baada ya hapo aliinua vikombe vya ligi na vya FA mwaka 1998 na tena 2002, na mwaka 2000 alianzisha kliniki ya wanamichezo wenye mateso kama yake. Alikuwa na madaktari na fedha ambazo wengi hawana. Lakini kilichomfungulia mlango hakikugharimu fedha: alisema ukweli mbele ya watu waliomheshimu.

Matibabu yenyewe huendaje? Hospitali humpa dawa ya jamii ya diazepam, ambayo hushika mahali pale pale pombe ilipokuwa ikishika, kisha dozi hupunguzwa siku baada ya siku. Upepo unapungua taratibu, na mabaharia wanarudi ndani mmoja mmoja. Kazi hiyo huchukua kama siku tano hadi saba. Tafadhali, msiende kununua diazepam duka la dawa mkampa wenyewe. Ikikutana na mnazi tumboni inaweza kumkatisha pumzi akiwa usingizini.

Pamoja nayo atahitaji sindano za vitamini B1. Wanywaji wa kila siku hula kidogo, na pombe huzuia hata kile kidogo kisifyonzwe. Vitamini hii ikiisha, mtu huanza kuona vitu viwili viwili, huyumba hata asipolewa, na husahau mambo ya jana, na usahaulifu huo unaweza kubaki maisha yote. Ninaeleza hili kwa urefu kwa sababu mitaani kuna mazoea ya kumpeleka mlevi aliyezimia akatiwe dripu ya glukosi apate nguvu. Glukosi ikitangulia B1 kwa mtu wa aina hii, ubongo unaweza kuumia zaidi. Mkifika popote, semeni: "Ni mnywaji wa kila siku, tunaomba apewe B1 kwanza." Hakuna mhudumu mzuri atakayeona mmemfundisha kazi.

Unga wa shangazi nao. Ipo dawa halali ya kumfanya mtu ashindwe kunywa, inaitwa disulfiramu. Huzuia mwili usimalize kuivunja pombe, sumu iliyo katikati inajaa, na mtu akinywa uso humwiva, moyo humwenda mbio, hutapika, shinikizo la damu huanguka. Huwasaidia wengine, lakini kwa aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa moyo na ini, na aliyekaa angalau siku nzima bila pombe. Kumtilia kwa siri mtu anayekunywa lita tatu ni kumtegea. Na huo unga wa shangazi hata hatujui kama ndiyo dawa hiyo. Akija kugundua, hatakunywa tena chai mkononi mwako, na wewe ndiye anayemhitaji zaidi.

Kuna dawa mbili nyingine za kupunguza hamu baada ya kuacha, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Si kila hospitali inazo, ulizeni. Ila kama baba anameza tramadoli, dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya goti, mwambieni daktari kabla, maana naltreksoni na dawa za maumivu za jamii hiyo hazikai pamoja. Na kwa kuwa ni Malindi, niongeze: kliniki ya methadoni iliyopo hapo tangu 2015 ni ya wanaotumia heroini. Methadoni haitibu pombe, asije mtu akakushauri umpeleke baba akapange foleni ile.

Mlango wa kwanza ni hospitali ya serikali hapo hapo Malindi. Wakiona hali inazidi uwezo wao watawaelekeza Kilifi au Mombasa. Hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ina wodi ya afya ya akili, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana kituo cha kurekebisha tabia Miritini, huko huko Mombasa. Namba ya NACADA, 1192, ni ya bure, na unaweza kuipiga wewe kwa niaba yake. Vituo vya kulala miezi mitatu humtoa mtu kwenye mazingira ya mangwe, na hiyo ni faida kubwa. Hasara yake ni gharama kwa vile vya watu binafsi, na kwamba siku ya kutoka anarudi kwenye mtaa ule ule na watu wale wale. Kabla ya kulipa popote, ulizeni kama kimesajiliwa na kama kuna daktari. Panapofungwa watu minyororo na kupigwa, ondokeni. Dua na visomo viendelee, sina ugomvi navyo hata kidogo, mradi mtu wa visomo asiwaambie muache dawa.

Sitakudanganya: wengi huteleza, hata zaidi ya mara moja, hasa mwaka wa kwanza. Akiteleza, arudi kwa daktari siku ile ile, maana mara ya pili hospitali huanza na mtu wanayemjua.

Mpaka siku ya kwenda hospitali, nitakwambia neno gumu kwa daktari kuliandika: asikatishwe ghafla. Ale kwanza, anywe maji, asiongeze, asibadili akaenda kwenye chang'aa. Lakini msingoje siku hiyo, mkimbizeni usiku huo huo, akitukutika tena, akianza kusema na wasiokuwapo, akitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, macho yakiwa ya manjano, tumbo likivimba, au akisema amechoka kuishi. Hilo la mwisho wanaume wa umri wake hulisema kwa mzaha. Lichukulieni kwa uzito.

Utamwambiaje? Chagua saa nne za asubuhi, mikono ikiwa imetulia na kichwa kikiwa bado chake. Muwe wawili, ami wasijazane. Usitaje neno mlevi, wala aibu ya familia. Taja ulichokiona: "Baba, juzi nilikuona umeshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na kisahani kilikuwa kinalia. Nimeuliza, nikaambiwa ni ugonjwa una dawa. Nataka twende pamoja Jumatatu." Akikataa, usibishane, rudi kesho kutwa. Mtafute mmoja wa wakongwe aliocheza nao ambaye ameacha pombe, aje kukaa naye barazani. Maneno yake yatapita mahali ambapo yako hayawezi kupita. Baadaye, miezi ya utulivu ikishapita, kuna vijana wa Alaskan wasiojua kupiga krosi kwa mguu wa kushoto. Hiyo ndiyo kazi ya kumtafutia, na si kabla.

Madeni ya mangwe msimlipie. Na wewe pia pata wa kusema naye, maana barua yako nzima hukutaja hata mara moja wewe unalalaje.

Mkienda Jumatatu, andika kwenye karatasi: anakunywa kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, alianguka lini, anameza dawa gani za goti. Ami aliyeandaa chumba mpeni usiku wa Jumapili, akae macho karibu na ndugu yake. Kufuli litoeni, madirisha yafunguliwe, kitanda kitandikwe. Akitoka wodini atahitaji mahali penye hewa pa kulala.